Mtoto Akienda Chuo, Atafuturu na Nani?



Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, nawashukuru wahariri wa jarida letu kwa kunipa tena ukurasa, ingawa mwaka jana niliwachelewesha wiki tatu nzima.

Ndugu msomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hapa madrasani kunakuwa na furaha. Wale watoto tuliowaona wakija na juzuu zao kwapani, wakisukumana mlangoni nani aingie kwanza, sasa wanakwenda vyuo vikuu. Wazazi huja kwa ustadh kuomba dua, na wengine huniita pembeni kwa kuwa wanajua kwamba nami nilipita huko. Maswali yao nayajua kabla hawajafungua mdomo. Je, kuna msikiti karibu? Je, binti yangu ataweza kuvaa hijabu yake bila kusumbuliwa? Je, marafiki atakaowakuta ni watu wa namna gani? Ni maswali mazuri na mzazi ana haki ya kuyauliza. Lakini katika miaka yote hii sijampata mzazi hata mmoja aliyeniuliza hivi: Ramadhani ikimkuta mwanangu akiwa chuoni, atafuturu na nani?

Makala yangu ya leo ni juu ya swali hilo. Maoni yangu nayatoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishika. Mwanafunzi wa chuo asifunge Ramadhani peke yake chumbani ikiwa anaweza kupata wenzake, na hao wenzake wasikae wakingoja awatafute. Wao ndio wamtafute. Futari ya pamoja chuoni si pambo wala si tafrija ya kupigia picha. Wapo vijana ambao bila ya hiyo futari wanalala na njaa, na sisi tunapishana nao kwenye bomba la udhu.

Nyumbani na chuoni

Nyumbani Ramadhani inakujia yenyewe. Mama anakugongea mlango wakati wa daku, na usipoamka anarudi na maji. Alasiri unasikia nazi inakunwa. Hujui muhogo umetoka wapi, hujui uji umekorogwa na nani, wala hujui mkaa umepanda bei. Unachokijua ni kwamba adhana ya magharibi ikilia kuna tende, kuna uji wa pilipili manga, kuna futari ya magimbi au viazi vitamu, na watu wamekaa mkekani. Kijana aliyekulia hivyo hudhani kwamba ameijua funga. Ukweli ni kwamba yeye amefunga tu. Kazi nyingine zote walizifanya watu wengine.

Anapofika chuoni, vyote hivyo vinakatika kwa siku moja. Hakuna wa kumwamsha. Mgahawa wa chuo unapika kwa ajili ya mchana, na jioni anapokwenda anakuta ukoko na maharage yaliyopoa. Kupika chumbani kumekatazwa, na kwa haki, maana nyaya za mabweni mengi zina umri kuliko wakaazi wake. Kipindi cha mwisho kinaisha saa 1 usiku, kwa hiyo magharibi inamkuta darasani na chupa ya maji ndani ya mkoba. Saa za funga zenyewe si tatizo kubwa kwetu. Dar es Salaam iko karibu na mstari wa Ikweta, na mwaka mzima funga yetu ni ya takriban saa 13 na nusu, iwe Januari au Juni. Wenzetu waliokwenda kusoma London, Ramadhani ya mwaka 2016 iliwakuta mwezi Juni, wakafunga zaidi ya saa 18. Kinachomchosha mwanafunzi wa hapa si saa. Ni kufuturu akiutazama ukuta.

Ramadhani yangu ya kwanza chuoni

Nilianza chuo mwaka 2005, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa nitakayoyasema yangeweza kutokea chuo chochote. Mwaka ule Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Oktoba, tukiwa hatujui hata njia ya maktaba. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, zilikuwa hazijatoka. Mimi nilikuwa na bahati, kwani shangazi yangu alikuwa akikaa Magomeni. Kila jioni nilipanda daladala kwenda kufuturu kwake, nikarudi usiku na chombo cha daku kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilijiona kijana mwenye akili kwa kuwa nilikuwa nimeupata mpango.

Chumba cha pili kutoka changu alikaa kijana kutoka bara, mkimya, mwenye adabu. Tulikuwa tukikutana kwenye bomba. Ananisalimu, namuitikia, namuuliza funga inaendaje, ananijibu alhamdulillah. Siku ya nane au ya tisa akaanguka darasani. Si kusinzia, alianguka kutoka kwenye benchi na kalamu ikiwa mkononi. Tukambeba hadi zahanati, na pale muuguzi akamuuliza swali ambalo sisi Waislamu wenzake hatukuwahi kumuuliza: jana ulikula nini? Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akasema alifuturu kwa maji na kipande cha mkate, na daku hakula. Na juzi? Maji. Kumbe alikuwa amebakiwa na fedha kidogo sana na anaziweka kwa ajili ya kutoa nakala za vitabu, kwani aliona kwamba kama ni kushinda na njaa, basi mwezi wenyewe ndio huu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ile zahanati na chombo cha shangazi mkononi. Sikumpa, niliona haya. Nilikiacha kwenye meza ya muuguzi nikaondoka, na mpaka leo sijui kama yeye alikila au alikila mtu mwingine.

Nimeisimulia habari hii kwa watu wengi, na wapo wanaosema kosa ni lake, kwa nini hakusema. Sikubaliani nao. Mtu mwenye haya hasemi, na wala dini yetu haikutufundisha kuwasaidia wale tu wenye kuomba kwa sauti. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 273, inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa namna wanavyojizuia. Sisi tulikuwa tunaisoma aya hiyo. Mimi nilikuwa nimeihifadhi, hapahapa madrasani.

Sufuria na kopo

Usiku uleule tulikaa watu wanne msikitini baada ya tarawehe. Hakukuwa na kikao wala mwenyekiti. Mmoja alikuwa na sufuria kubwa aliyopewa na mama yake, ambayo alikuwa akiitumia kuwekea nguo chafu. Mwingine alimfahamu mama ntilie nyuma ya geti, Mkristo, ambaye alikubali tutumie jiko lake kuanzia saa 10 alasiri baada ya yeye kumaliza biashara ya mchana. Mkaa tungenunua wenyewe. Kesho yake tulifuturu watu 11 kwa uji na muhogo. Wiki ya pili tulikuwa zaidi ya 40 na sufuria ikawa haitoshi.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la fedha, kwa kuwa hapa ndipo futari nyingi za vyuoni zinapoharibika. Siku ya kwanza tuliandika majina kwenye daftari: fulani katoa shilingi 500, fulani bado. Siku ya pili yule kijana wetu, ambaye ndiye sababu ya yote, hakuja. Tukajua kwamba daftari limemfukuza. Tukalichana. Tukachukua kopo la maziwa ya unga, tukatoboa mfuniko, tukaliweka nyuma ya mlango wa msikiti mahali penye giza. Kila mtu anapita na ngumi iliyofungwa, anaweka mkono juu ya kopo. Aliyekuwa na 1,000 aliweka, na aliyekuwa na 50 aliweka. Asiyekuwa na kitu naye aliweka mkono wake mtupu juu ya kopo akapita, na hakuna aliyejua. Siku kopo lilipokuwa zito tulikula wali. Lilipokuwa jepesi tulikunywa uji na kugawana tende, na hakuna aliyelalamika isipokuwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu ambaye alikuwa akilalamika hata siku za wali.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, kwamba chakula cha watu wawili kinawatosha watatu na cha watatu kinawatosha wanne. Nilikuwa nikiisikia hadithi hii kama nasaha ya kutokuwa mlafi. Jikoni niliijua kama hesabu. Mwanafunzi mmoja akinunua muhogo wake, nazi yake, mkaa wake na sukari yake, fedha haimtoshi na nusu ya chakula inaharibika. Watu 40 wakinunua kwa pamoja sokoni, mafungu yanapungua bei, nazi inakunwa mara moja, moto ni mmoja. Baraka ya Mwenyezi Mungu ipo, nami siikanushi, lakini sehemu ya baraka hiyo ameiweka katika kukusanyika kwenyewe.

Kuhusu daku nitasema machache. Tulijigawa kwa korido. Kila korido ilikuwa na mtu mmoja wa kuamsha wenzake, na zamu ilibadilika kila baada ya siku tatu. Kugonga mlango taratibu, mara tatu, bila kupiga kelele, kwa sababu vyumbani humo wamelala pia wasiofunga. Chakula cha daku kilikuwa kiporo cha futari. Inatosha.

Dada zetu si wapishi wa msikiti

Sasa nije kwenye jambo ambalo litawaudhi baadhi ya kaka zangu. Katika vyuo vingi nilivyotembelea tangu wakati huo nimekuta utaratibu mmoja: dada wanapika, kaka wanakula. Dada anatoka darasani saa 9 alasiri, anakwenda kumenya muhogo hadi saa 12, anasali haraka, anapakua, anaosha. Kaka yake, aliyetoka darasani saa ileile, amekaa msikitini akisoma Qur'ani na sauti yake ni nzuri mno. Halafu usiku dada anaambiwa nafasi ya tarawehe ni finyu, bora asali chumbani.

Hili si haki. Nakumbuka mwaka wa pili dada mmoja alisimama kwenye mkutano wa jumuiya, akasema, kwa heshima kabisa, kwamba yeye hakuja chuo kusomea upishi, na kwamba mtihani wake wa takwimu uko palepale ulipo wa kaka zake. Wapo walionuna. Lakini alikuwa amesema kweli, na tangu siku hiyo zamu ya kupika ikawa ya wote, wavulana siku zao na wasichana siku zao. Muhogo wa wavulana ulikuwa mbichi katikati kwa siku nne za mwanzo. Tukaula. Mama Aisha (R.A.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hii imo katika Bukhari. Basi sijui kijana wa mwaka wa kwanza ana cheo gani hata asishike mwiko.

Na jambo lingine, wazazi mnisamehe kulitaja. Dada zetu wana siku ambazo sheria yenyewe imewaondolea funga. Nyumbani wana faragha yao. Chuoni wengi huona haya, wakashinda na njaa siku zote hizo ili tu wasionekane, na hawapati thawabu ya funga kwa sababu hawafungi. Chombo cha chakula kipelekwe mabweni ya wasichana kila jioni bila kuuliza nani anafunga na nani hafungi, na cha kiporo kibaki huko huko. Ni jambo dogo.

Mwezi ukiandama mara mbili

Hakuna kinachowagawa Waislamu wa chuoni kwa haraka kama mwezi. Hapa kwetu wapo wanaofuata mwezi ulioonekana nchini na nchi jirani na kutangazwa na Mufti, na wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani. Mara nyingi tofauti huwa ni ya siku moja. Majumbani tofauti hii haisumbui sana kwa kuwa mtaa mzima au ukoo mzima unakwenda pamoja. Chumba kimoja cha bweni lakini kinaweza kuwa na kijana wa Tanga, wa Pemba, wa Kigoma na wa Bukoba, na kila mmoja amekuja na mwezi wa kwao.

Masuala haya wanavyuoni wameyajadili tangu zamani. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Kuraib alikwenda Sham na Ramadhani ikamkuta huko. Watu wa Sham waliuona mwezi usiku wa Ijumaa, nao watu wa Madina wakauona usiku wa Jumamosi. Aliporudi mwisho wa mwezi, Ibn Abbas (R.A.) hakuihesabu ile ya Sham, bali aliendelea mpaka wauone wenyewe au watimize siku thelathini. Hiyo ni hoja ya wale wanaosema kila nchi na mwezi wake, na ndiyo iliyo mashuhuri kwa Mashafi. Wenye kusema muandamo ni mmoja nao wana hoja zao, na madhehebu nyingine kubwa zina wanavyuoni wengi walioishika kauli hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi hatalimaliza suala hilo kwenye ubao wa matangazo wa msikiti, na nimeona wakijaribu.

Mwaka mmoja sisi nusura tugawane sufuria. Kundi moja lilitaka lianze siku yake na lipike kwake, na lingine likasema nasi basi tutakuwa na imamu wetu. Aliyetuokoa alikuwa mzee mmoja mlinzi wa bweni, ambaye alituuliza swali moja tu: wanaoanza kesho wana njaa kesho, na wanaoanza keshokutwa wana njaa keshokutwa, sasa sufuria ina kosa gani? Ikawa sufuria inawekwa jikoni siku ya kwanza ya wale wanaotangulia, na inaondolewa siku ya mwisho ya wale wanaochelewa. Wasiofunga siku ile ndio waliopika. Siku ambayo ilikuwa Idi kwa baadhi yetu, hao waliokwishakula Idi walikuja jioni na kanzu zao mpya kuwapikia wenzao futari ya mwisho. Hakuna aliyeacha msimamo wake. Lakini hatukuwa na misikiti miwili.

Kwa tarawehe vilevile. Wako wa rakaa nane na wako wa ishirini. Aliyemaliza nane akae kimya au atoke kwa adabu, asianze darasa lake nyuma ya safu za wanaoendelea. Sayyidna Umar (R.A.) aliingia msikitini usiku wa Ramadhani akawakuta watu wametawanyika, huyu anasali peke yake na yule ana kikundi chake, akawakusanya nyuma ya Ubayy bin Kaab. Yeye hakuvumilia kuona vikundi vikundi katika msikiti wa Mtume. Sisi katika chumba kilichokuwa stoo tunaviona ni ushahidi wa elimu.

Mwenzako wa chumbani

Niliishi chumba kimoja na Mkristo kutoka Mbeya kwa miaka miwili. Ramadhani ya kwanza alikuwa akitoka nje kula ili asinitamanishe; nikamwambia asijisumbue, akaendelea kutoka. Ya pili alijiunga kwenye zamu ya kubeba maji. Siku moja aliniamsha daku mimi niliyekuwa mwamshaji wa korido, kwa kuwa niliusikia mlio wa saa nikauzima. Wapo waliouliza kama inafaa asiye Muislamu aketi kwenye sinia la futari. Sijaona sababu ya kumzuia. Jiko tulilopikia lilikuwa la Mkristo, na mkaa wake tuliuazima zaidi ya mara moja. Kumkaribisha jirani chakula ni katika haki zake, na wengi waliokula nasi waliacha kutuuliza yale maswali ya kejeli juu ya dini yetu. Tahadhari yangu ni moja. Asialikwe ili ahubiriwe huku tonge liko mdomoni. Aalikwe ale.

Mitihani inakuja

Wanafunzi mnaosoma jarida hili, fungueni kalenda. Mwezi wetu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa Kizungu. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na ya 2028 mwishoni mwa Januari. Mwaka 2030 zitaanza Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Kwa vyuo vyetu vingi Februari ni wakati wa mitihani ya kumaliza semista ya kwanza au ya kuikaribia. Kwa hiyo ninyi mnaokwenda sasa mtafunga na kufanya mitihani kwa pamoja.

Mtihani si udhuru wa kula mchana. Lakini imamu wa chuoni naye awaonee watu huruma. Muadh bin Jabal (R.A.) alirefusha sala ya isha akiwa anawasalisha watu wake, mtu mmoja aliyekuwa amechoka kwa kazi akajitoa, na habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) aliyekemewa ni Muadh, si yule aliyejitoa. Kijana mwenye mtihani saa 2 asubuhi si mvivu akiomba tarawehe iishe mapema. Nasi tulikuwa na hafidhi mmoja, sauti yake Mashaallah, aliyetaka kukhitimisha juzuu nzima kila usiku hata wiki ya mitihani. Safu zikapungua kutoka nne hadi moja na nusu. Alisikitikia imani za watu. Mimi nilimwambia atazame ratiba ya mitihani iliyobandikwa mlangoni.

Wafadhili

Siku hizi taasisi kubwa na makampuni huandaa futari vyuoni. Mabango, kamera, kuku nzima, soda za kila rangi. Sisemi wasije, na aliyewafuturisha watu ana ujira wake kwa Mola wake. Ila futari hiyo huwa ni ya siku moja, na nimeona jumuiya za wanafunzi zikimaliza mwezi wa Shaabani wote zikiandika barua za kuomba siku hiyo moja, wakati siku 29 nyingine hazina hata kopo. Kijana wetu wa bara angeshiba Jumamosi ile, akaendelea na maji Jumapili.

Kwa wazazi

Baadhi ya vyuo tayari vina jumuiya madhubuti za wanafunzi wa Kiislamu na utaratibu mzuri kuliko wetu wa wakati ule. Pale Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna msikiti ndani ya eneo la chuo na jumuiya ya wanafunzi wenyewe. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Waislamu kilichoanza mwaka 2005, Zanzibar kuna vyuo ambavyo karibu wanafunzi wote wanafunga, na Mbale nchini Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988. Mtoto wako akipangiwa huko, shida yake itakuwa ndogo. Lakini wengi wanapangiwa vyuo ambavyo Waislamu ni wachache, pengine kumi katika kozi nzima, na hawajuani. Hata wale waliokwenda Marekani miaka ya zamani walilazimika kutafutana. Jumuiya ya wanafunzi Waislamu wa Marekani na Kanada ilianzia mwaka 1963 pale Chuo Kikuu cha Illinois kwa wanafunzi waliotoka nchi mbalimbali.

Ombi langu kwenu wazazi ni hili. Mnapomtumia mtoto fedha ya Ramadhani, msimtumie kwa kipimo cha tumbo lake peke yake. Mwenye uwezo aongeze kilo mbili za unga au pakti kadhaa za tende na amwambie wazi kwamba hizi si zake, ni za sufuria. Na mnapompigia simu jioni msimuulize tu umefuturu? Muulizeni umefuturu na nani, na ni nani hakuonekana leo.

Yule kijana wa bara alimaliza shahada yake mwaka 2008. Miaka miwili ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa mtunza kopo, na hakuwahi kuliacha lishinde bila mfuniko.

Kwa wanafunzi wetu mliochaguliwa mwaka huu: katika stoo ya madrasa zipo sufuria mbili kubwa zilizobaki kutoka maulidi ya zamani. Nimeongea na ustadh, ameridhia zichukuliwe na watakaokwenda vyuo ambavyo bado havina. Mje Ijumaa baada ya sala kabla hamjasafiri. Moja haina mfuniko, na nyingine mkono mmoja umelegea, lakini hazivuji.

Wabillahi tawfiq.